Ukuta wa Nyuma ya Jukwaa

Mara ya kwanza niliposikia mchanga ukimwagika ndani ya ukuta, nilikuwa peke yangu ukumbini, pini mdomoni, nikikunja pindo la vazi la mchezo wa shule moja ya Mitaboni. Lilikuwa jua la saa saba na mabati yalikuwa yakialika kwa joto juu yangu. Kisha nyuma ya jukwaa, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kitu kikaanza kumwagika taratibu, kama mtu anayemimina mahindi guniani akijaribu asisikike na jirani. Kikamwagika, kikanyamaza. Nilikusanya nguo zangu nikatoka, na kazi niliyobaki nayo siku hiyo nikaimalizia kibandani.

Kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi huo. Mimi ni fundi wa nguo. Mwaka mzima nashona sare za shule, na msimu wa michezo ya kuigiza unapokaribia nashona majoho ya machifu, mabawa ya malaika na makoti ya walevi. Machakos nzima huuita tu Ukumbi, utadhani duniani hakuna mwingine. Ulijengwa kwa mawe enzi za mkoloni, na watu walioujenga hawakutaka tuuingie ila kwa kufagia. Uhuru ulipokuja tukaingia wote na hatukutoka tena. Kwaya zimeshindana humo, maharusi wamekatiwa keki humo, na sijui ni mazishi mangapi yamechangiwa humo. Lakini kazi yake hasa ilikuwa michezo. Mtoto wa shule aliyewahi kusimama kwenye zile mbao na kusahau maneno yake mbele ya umati hatausahau ukumbi ule hata akizeeka.

Mama yangu alisimama humo akiwa msichana. Alipewa kuigiza chifu kwa sababu mwaka huo shule yao haikuwa na mvulana mrefu kumpita, na kwa miaka mingi ukimchokoza kidogo alikutolea ile sauti. Baba alipofariki, Mama alinyamaza. Sisemi alihuzunika, maana kila mtu huhuzunika; alinyamaza kabisa, akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Kilichomfungua mdomo ni wanawake wa mwethya wake, kile kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, walipomburuta Jumamosi moja ukumbini wakafanye mazoezi ya nyimbo. Akaimba. Tangu hapo kila Jumamosi walikuwa humo, wakiimba, wakiigiza vituko vya wakwe na mawifi, na nyuma ya jengo walilima sukuma wiki ya kuuza ili wapate nauli na sabuni. Jembe lao walikuwa wakiliegemeza nyuma ya pazia la jukwaa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ule ni mrundo wa mawe tu, mimi hukasirika, kwa maana najua kilichomo. Nilijua kwamba Mama bila ukumbi ule angerudi kwenye ule ukimya, na safari hii sijui nani angemtoa.

Ufa kwenye ukuta ule ulikuwepo tangu zamani. Ulianzia chini ya dirisha la juu, ukashuka nyuma ya jukwaa ukipinda kufuata mawe, na kidole changu kilikuwa kinaingia. Malori ya mchanga yanayotoka mtoni hupita barabara ile kutwa nzima yakiwa yameshiba, na kila lilipopita vioo vilitetemeka. Tulizoea. Nilipomwambia Mama nimesikia kitu kinamwagika ukutani, alisema ni panya.

Kisha likaja suala la bajeti. Kaunti iliita wananchi waseme wanachotaka, na jina la ukumbi likawa miongoni mwa mambo ya kujadiliwa: utengewe fedha za kuuokoa, au uachwe, na ukiachwa uwanja wake upewe wenye kutaka kujenga maduka. Mkutano ulifanyiwa humo humo. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na mimi nilikaa karibu na mlango, nikiuangalia ukuta kuliko nilivyowaangalia wasemaji.

Mabishano yalikuwa makali. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kutoka upande wa mlima aliyeishi kwetu miaka mingi na mwenye adabu zake, alisema vijana wanahitaji vibanda vya biashara, na kwamba historia haijawahi kumlipia mtu kodi. Kijana mmoja wa Athi River, amevaa kofia iliyogeuzwa nyuma, alisema tangu azaliwe hajawahi kukanyaga humu na wala kwao hakuna anayejua kama kuna kitu kama hiki. Walimu wakasimama kuutetea, kila mmoja na hotuba ndefu kuliko ya mwenzake, nikatamani wakae chini kwa maana walikuwa wanatuharibia. Halafu akasimama mzee wa Ekalakala. Huyo hakupaza sauti.

"Sisi kule tunachota maji na punda," alisema. "Hiyo punda inaamka mbele yangu. Saa hii mnataka niseme pesa ikuje hapa muimbe? Mimi sina maneno mbaya na nyinyi. Lakini niambieni nitaenda kuambia watu ya nyumbani nini."

Ndipo Mama akainuka. Alisema maji ni lazima na hawezi kubishana na mtu mwenye kiu. Lakini akamwomba yule mzee akumbuke siku watoto wa shule ya kwao walipokuja kuigiza hapa, na kweli, mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa mmoja wao. Mama akasema mtoto yule alisimama pale, mbele ya watu wasiomjua, akasikilizwa. Akauliza ni wapi tena katika kaunti nzima mtoto wa Ekalakala husikilizwa na watu wa mjini. Wanawake wa mwethya wakapiga vigelegele, na mzee akakaa chini taratibu, akionekana kama mtu aliyeshindwa na jambo ambalo hakulipinga.

Afisa aliyeongoza mkutano akatoa uamuzi uliosikika wa busara. Fedha hizo, alisema, ni za majengo yaliyo hatarini. Mhandisi atakuja aukague ukumbi kwa macho yake. Akiukuta uko katika hali mbaya, utaingia kwenye bajeti, na akiukuta mzima, fedha zitakwenda kwenye visima. Alilisema wazi kabisa, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Kila mtu alilisikia. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye wapo waliosema hawakuelezwa.

Siku chache kabla mhandisi hajaja nilikwenda Athi River kupeleka sare, nikalala kwa dada yangu. Niliporudi nilishuka kituoni na mzigo wa vitambaa mgongoni, nikaona wanawake wametapakaa kwenye uwanja wa ukumbi, miguu imejaa udongo mpaka magotini, wakiimba. Ndoo za chokaa zilikuwa mlangoni. Nikauangusha mzigo pale pale njiani, nikaingia ndani.

Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulikuwa mweupe pe, laini, bila hata mkunjo. Walikuwa wamechimba udongo wa kichuguu, wakauchanganya na majivu na samadi ya ng'ombe, wakaongeza saruji kidogo aliyowapa yule yule mwenye duka la vifaa, wakakandika ufa wote kuanzia juu mpaka chini. Kisha wakapaka chokaa. Walifanya kazi safi, sitawanyima sifa zao. Hawa ni wanawake waliojifunza kukandika kabla hawajajifunza kuandika. Siku ya ntheo, wageni wanapoleta mbuzi za posa, hakuna boma la kwetu linaloacha ukuta uonyeshe ufa. Binti ataolewaje kutoka nyumba iliyopasuka? Mgeni anapokuja, nyumba inakandikwa, na mambo ya ndani yanabaki kuwa ya ndani.

Mama alikuwa juu ya meza, akimalizia pembe ya dirisha kwa kiganja. Nilimuuliza ni nini hicho wamefanya.

"Mgeni anakuja keshokutwa," alisema. "Ulitaka akute uchafu?"

Nikamwambia mgeni anakuja kutafuta huo uchafu, kwamba ndio uliokuwa utuletee fedha. Nilisema kwa ukali kuliko inavyofaa kumsemesha mama mzazi mbele ya wenzake, na nyimbo nje zikakatika. Akashuka mezani polepole, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," aliniambia, "hakuna mtu anasaidia mtu mwenye amekaa tu. Kwanza onyesha umejaribu. Hata harambee ni hivyo. Akiona tumetengeneza na mikono yetu, atasema hawa wakipewa kitu watachunga."

Wenzake wakaitikia. Mmoja akasema hata kanisa lao lilijengwa hivyo, wao wakianza na mawe, mfadhili akimalizia na mabati. Na kusema kweli hawakuwa wajinga. Maisha yao yote mambo yalikuwa yakienda hivyo hivyo: unajitutumua kwanza, mwenye uwezo anaona jasho lako, anakuongezea. Nilitaka kuchukua mwiko niubandue udongo ungali mbichi. Lakini wanawake wazima wote wale, walioacha mashamba yao na kubeba maji kichwani, wangenitazama vipi? Nikabeba vitambaa vyangu nikaenda kibandani. Pale nikakaa kushona, nikiwasikia wakianza tena kuimba.

Mhandisi alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vya kazi. Walimpokea kwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kuku, wakamkalisha mbele ya jukwaa. Nilivuka barabara kwenda kumwambia. Nilimwambia, tena mbele ya Mama: chini ya chokaa kuna ufa. Akaniuliza mkubwa kiasi gani, nikamwonyesha kidole. Akagonga ukuta kwa vifundo, hapa na pale. Udongo wa kichuguu ukikauka huwa mgumu, unajibu kama jiwe. Akatazama mabati, akatazama msingi kwa nje, akasema nyufa za namna hiyo ziko katika kila jengo la zamani na kwamba akina mama wameziba vizuri. Hakuwa mvivu wala hakuwa na nia mbaya. Aliandika alichokiona. Alipoondoka, walimfungia kuku aliyebaki.

Baada ya hapo nilianza kuusikia mchanga hata nikiwa kibandani, au labda nilikuwa naufikiria tu. Mbayuwayu waliokuwa wakijenga viota chini ya lile dirisha la juu hawakurudi mwaka huo. Mlango wa nyuma, uliokuwa ukifungika kwa kusukumwa na kidole, ukaanza kukwama, ikabidi usukumwe kwa bega. Jumamosi moja nikapita jukwaani nikaona juu ya weupe ule mstari mwembamba, mwembamba kama unywele, umepinda pale pale ulipokuwa ukipinda ule wa zamani. Nikamwita Mama, akaja, akautazama kwa muda mrefu. Safari hii hakusema ni panya. Alichovya kitambaa kwenye chokaa, akaufuta. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umerudi, na akaufuta tena. Nikajua kwamba anaogopa, kwa sababu hakuniangalia.

Mkutano wa pili uliitwa ili watu wasomewe matokeo. Ukumbi ulijaa kama mara ya kwanza. Afisa akasoma kwamba jengo limekaguliwa na kukutwa imara, linalotunzwa vizuri na jamii, kwa hiyo halistahili fedha za uokoaji. Fedha zitakwenda kwenye maji. Watu wa Ekalakala na vijiji vya huko wakapiga makofi. Walimu wakaguna. Wanawake wa mwethya wakakaa wameduwaa, kwa sababu wamesifiwa na kunyimwa kwa sentensi moja. Nilimtafuta Mama kwa macho, nikamwona amejishika kidevu.

Kisha afisa akainua mkono, akasema ana habari njema. Kwa kuwa ukumbi umethibitishwa kuwa imara, hautaguswa na wenye kutaka maduka. Na zaidi ya hapo, mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za kaunti nzima yataletwa hapa muhula huo huo. Watoto watatoka kila pembe. Sasa kila mtu akapiga makofi: walimu, watu wa visima, hata yule kijana wa Athi River. Miguu ikapigwa sakafuni kwa furaha, na mimi niliyekuwa karibu na mlango niliona vumbi jeupe likidondoka nyuma ya jukwaa, kidogo tu, kama unga unaopukutika kutoka kwenye ungo.

Mama aliliona pia. Akainuka. Nilidhani anatoka nje kwa uchungu, kwa maana alipanda jukwaani kuelekea mlango wa nyuma, akapotea nyuma ya pazia. Aliporudi alikuwa amelishika lile jembe la sukuma wiki.

Watu walicheka. Walidhani ni kichekesho, maana ni yeye, yule mama wa vituko vya Jumamosi. Mtu mmoja hata akamwomba atoe ile sauti ya chifu. Mama alisimama mbele ya ukuta, akawapa mgongo watu wote, akainua jembe akapiga.

Pigo la kwanza lilibandua kipande cha ukubwa wa sinia. La pili likaangusha udongo wote uliokuwa kati yake na dirisha, ukaporomoka kwa mkupuo mmoja mpaka miguuni pake. Kicheko kilikufa. Mama aliweka jembe chini, akanyoosha mkono kwenye ufa ule niliokuwa nikitia kidole, na sasa mkono ukaingia mpaka kifundoni. Akauchomoa. Kupitia pale tuliona mwanga wa nje na majani mabichi ya sukuma yakitikiswa na upepo.

"Mimi ndio nilifunika," alisema, akiwageukia. Sauti haikuwa ya chifu, ilikuwa yake tu, ndogo. "Nilitaka mgeni aone nyumba nzuri. Sasa mumeona. Msilete watoto ya watu hapa."

Nje, lori la mchanga likabadilisha gia kwenye kilima, na sote, mamia ya watu, tukausikia ule mmwagiko ndani ya ukuta. Haukuwa polepole tena. Tulitoka bila kusukumana, tukipita mlangoni mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa, na mzee wa Ekalakala ndiye aliyerudi kumshika Mama mkono na kumshusha jukwaani.

Siku hiyo hiyo watu wa kaunti walikuja kupiga alama ya X ya jengo la kubomolewa, kwa rangi nyekundu, mbele na nyuma, na kufuli kwenye mlango. Mhandisi alikuja tena, akatazama, akashika kichwa. Akasema sasa jengo limefikia mahali ambapo kulikarabati ni ghali kuliko kulibomoa, na kwamba kama angeuona ufa ule alipokuja mara ya kwanza angeandika mengine. Fedha zilikuwa zimeshakwenda kwenye maji. Mashindano yakapelekwa kwingine. Ubomoaji unajadiliwa, na unaendelea kujadiliwa mpaka leo ninapoandika haya.

Na ukuta haujaanguka. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Umesimama na X yake, na kila siku unaposimama, watu wanaanza kusema. Nimesikia sokoni kwamba yule mama wa vituko ndiye aliyeua Ukumbi kwa jembe, kwamba ufa aliupanua mwenyewe, kwamba mbona basi haujaanguka. Wanawake wawili wa mwethya wameacha kumsalimia. Jumamosi hawaimbi tena. Mama huja kibandani kwangu, anakaa kwenye kiti cha wateja akiutazama ukumbi, na watoto wakisogea kucheza mpira kwenye kivuli cha ukuta, anavuka barabara kuwafukuza. Akirudi anakaa. Nikimuuliza kitu anaitikia kwa kichwa. Ule ukimya niliouogopa umerudi, na umemkuta hana pa kwenda.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Lori zito linapokuja, nainua mguu kwenye cherehani ili nisikilize, na moyoni naomba uanguke. Uanguke asubuhi uwanja ukiwa mtupu, uanguke wote, ili waje waone mawe na wajue kwamba mama yangu aliwaokolea watoto wao. Naomba hivyo kwa hasira, na sioni haya.

Naye Mama, kwenye kiti cha wateja, hufumba macho lori likikaribia, na midomo yake inatikisika. Wiki iliyopita nilimuuliza huwa anaomba nini. Nilidhani ataitikia kwa kichwa kama kawaida, lakini alifumbua macho.

"Usimame," alisema.

Lori likapita. Vioo vya ukumbi vikatetemeka, vikatulia. Nikarudisha mguu kwenye cherehani, na tukaendelea kukaa pale pamoja, kila mmoja akisubiri lijalo.